Mkokotoni: Mawe ya Kibla na Mwezi wa Bamvua

Mkokotoni ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini anayeshuka kwenye gari la abiria akitarajia kuona mji mkubwa atakata tamaa mapema. Kuna ofisi za serikali, soko, maduka, na pwani inayopokea samaki na kusafirisha watu kwenda Tumbatu. Kisiwa chenyewe kinaonekana ng'ambo, upande wa kaskazini magharibi, umbali wa takriban kilomita 2 za maji yasiyo na kina kirefu. Mashua za Tumbatu huondoka kwa kufuata maji. Yakijaa, abiria hupandia karibu na nchi kavu. Yakipwa, hukunja nguo, huvua viatu na kutembea kwenye tope na majani ya bahari mpaka kilipoelea chombo, mzigo wa unga begani, mtoto mgongoni.

Mlango huu wa bahari ulikuwa na shughuli nyingi zaidi miaka 800 iliyopita. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Lanjuya, yaani Unguja, walikuwa wamehamia kisiwa kiitwacho Tumbatu, na kwamba wenyeji wake walikuwa Waislamu. Aliongeza kwamba mizabibu ya Lanjuya ilizaa mara tatu kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa leo wa Wilaya ya Kaskazini A angelisikia kwa tabasamu. Mji alioutaja upo, kama magofu. Uko Makutani, ncha ya kusini mashariki ya Tumbatu, ukitazamana na Mkokotoni: nyumba za mawe, kuta zilizoporomoka ndani ya vichaka, na msikiti mkubwa ukingoni mwa bahari. Francis Barrow Pearce, Mwingereza aliyekuwa Resident, yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza, huko Zanzibar, aliyaeleza magofu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1920. Mwanaakiolojia Mark Horton alikuja kuyapima na kuyachimba katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye Henriette Rødland, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Uppsala ya mwaka 2021, aliziweka pande zote mbili za mlango kwenye meza moja: Tumbatu ya mawe na Mkokotoni ya udongo na makuti, makazi mawili ya kati ya mwaka 1000 na 1400 yaliyoishi kwa kutazamana.

Wageni waliosoma habari za mawe ya kale ya Ulaya wakifika magofu kama haya huwa na swali moja. Je, mawe haya yalipangwa kufuata jua au mwezi? Swali si la kipuuzi. Huko Callanish, kisiwa cha Lewis nchini Scotland, nguzo za mawe zilisimamishwa takriban miaka 5,000 iliyopita, na wapo wanaoamini kwamba zilipangwa kwa ajili ya mwezi. Mhandisi Alexander Thom alitumia miaka mingi kuyapima mawe ya Uingereza, na mwaka 1971 akatoa kitabu kizima kuyaeleza baadhi yake kuwa vituo vya kuuchunguza mwezi. Clive Ruggles alipoyapima upya mengi ya mawe hayo alikuta kwamba ule usahihi wa ajabu haukuwamo. Kilichobaki ni mwelekeo wa jumla tu. Kwa Tumbatu jibu langu ni fupi: hapana. Mawe ya msikiti wa Makutani yanaelekea mahali pamoja, na mahali hapo ni Makka.

Hapa jiografia imewafanyia Waswahili wema mkubwa. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki, Mkokotoni kwenye 39.25 hivi. Tofauti haifiki digrii moja. Kwa hiyo anayesali Mkokotoni anaelekea kaskazini, na akipiga hesabu kwa ukali wa vifaa vya leo atajikuta anapaswa kugeuka upande wa mashariki kwa digrii moja na ushei tu. Fundi wa Makutani wa karne ya 12 au ya 13 hakuhitaji hesabu ya duara la dunia. Akiijua kaskazini, amemaliza.

Aliijuaje kaskazini? Nyota ya Jah, ile inayokaa karibu na ncha ya anga, haimfai mtu wa Unguja, kwa sababu kisiwa kiko digrii 6 kusini mwa ikweta na ncha hiyo imezama chini ya upeo wa macho kwa digrii hizo hizo. Mabaharia walilijua tatizo hili vizuri. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, alitunga utenzi mzima juu ya njia za pwani yetu mpaka Sofala, na mabaharia wa enzi yake, Jah ikishawapotea, walipima kwa nyota za Farqadan na za Banat Na'sh, zinazopanda kaskazini na kuzama kaskazini. Mtu akitazama zinapochomoza na zinapotua, kisha akakata katikati, ameipata kaskazini yake. Na kama hana subira ya usiku kucha, afanye kazi hiyo mchana kwa kivuli cha kijiti, asubuhi na alasiri.

Kwenye makaburi ndiko mtego ulipo. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini, kaburi la pwani hulala mashariki kwa magharibi. Sasa mchukue mtafiti asiyeijua dini wala desturi za hapa, mpe dira, mpeleke Kaole karibu na Bagamoyo, kwenye makaburi ya nguzo ya zama hizo za miji ya mawe. Atakuta mawe yaliyosimamishwa wima, marefu kumpita, na chini yake majengo yaliyonyooka kuelekea macheo ya jua wakati usiku na mchana vinapolingana. Akipenda atasema mwezi mpevu wa mwezi Machi na wa Septemba huchomoza papo hapo, na hatakuwa amesema uongo, maana ndivyo unavyofanya au unakaribia kufanya. Atakuwa amegundua kalenda ambayo haikuwahi kuwepo. Waliozikwa pale walielekezwa kaskazini. Mashariki ni upande tu wa kitanda chao.

Sisemi haya kwa kudhani tu, kwa sababu Afrika Mashariki inao mfano wake halisi, nao umewahi kuzua ubishi mkubwa. Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna nguzo 19 za mawe ya volkano zilizochomekwa ardhini zikiwa zimeinama huku na huku. Mwaka 1978 B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota zinazotumiwa na Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, kuhesabu miezi yao. Wakasema kituo hicho ni cha takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Kalenda ya Waborana, ambayo Asmarom Legesse alikwisha kuieleza kitabuni mwaka 1973, ni kazi ya akili kubwa kweli: mwaka wake una miezi 12 ya mwandamo, siku 354 kama wetu wa Hijria, na mwezi hutambuliwa kwa kuutazama ulipo angani karibu na nyota maalumu, kama vile Kilimia na zile tatu za mkanda wa Orion. Habari ikaenea kwamba Afrika kusini mwa Sahara nayo ina mawe yake ya anga.

Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper akazipima upya nguzo za Kalokol. Akatahadharisha kwamba mawe yenyewe yana sumaku, hivyo dira ikisogezwa karibu nayo hudanganya. Vipimo vyake havikulingana na vya wenzake. Kisha watafiti wengine wakachimba maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa hilo, na ikaonekana kwamba yalijengwa na wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita kwa ajili ya maziko. Lothagam Kaskazini peke yake palizikwa mamia ya watu. Hoja ya nyota inayumba hapo. Mhimili wa dunia hupepesuka polepole, na mahali nyota inapochomoza huhama kadiri karne zinavyopita. Mstari uliopigiwa hesabu ya mwaka 300 kabla ya Kristo haumfai mtu aliyelichomeka jiwe miaka elfu mbili na zaidi kabla ya hapo. Waborana wanabaki na kalenda yao, nayo haikuhitaji nguzo hata moja ili ifanye kazi.

Mwezi nao unahama, na kwa namna yake. Njia yake angani imeinama kwa digrii 5 na kidogo kutoka kwenye njia ya jua, na mwinamo huo wenyewe huzunguka, ukikamilisha mzunguko kwa miaka 18.6. Kuna majira ambapo mwinamo huo huongezeka juu ya ule wa jua, na mwezi ukafika digrii 28 na nusu kaskazini na kusini ya ikweta ya anga. Ndivyo ulivyokuwa mwaka 2024 na 2025. Miaka 9 na miezi kadhaa baadaye mambo hugeuka, na mwezi hauvuki digrii 18 na nusu. Mtu wa Callanish huona tofauti hiyo bila shida. Kwa kuwa yuko kaskazini mno, mahali pa mbali kabisa mwezi unapochomoza huko husogea kwa zaidi ya digrii 25 kati ya majira hayo mawili, na katika kilele cha mzunguko kuna usiku ambapo mwezi hutambaa juu ya vilima vya kusini, ukiibuka na kuzama muda si mrefu. Mkokotoni uko karibu na ikweta. Huku mwezi hupanda wima kutoka upande wa mashambani, hupita karibu na utosi mara mbili kila mwezi, na huzama upande wa mlango wa bahari. Miaka yote hiyo 18 na nusu mahali pa mbali kabisa unapochomoza husogea kwa takriban digrii 10 tu. Ngumi moja ikinyooshwa mbele ya macho inatosha kuziba nafasi hiyo yote.

Nadhani hapa ndipo penye sababu ya pwani yetu kukosa mawe ya mwezi, kabla hata ya kuizungumza dini. Hakuna aliyehitaji kuukamata mwezi kwenye upeo wa macho, kwa sababu mwezi wa huku hutoa habari zake miguuni, kwenye maji.

Kila mwenye chombo Mkokotoni, na kila mwanamke anayekwenda pwani kuchokoa pweza, anazo habari hizo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hukaribia mita 4. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haijai ikajaa wala haipwi ikapwa. Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa nne au saa tano asubuhi, na hilo halibadiliki mwezi hadi mwezi. Anayeijua tarehe ya mwandamo anaijua saa ya kushuka pwani. Hata ukubwa wa bamvua si mmoja, maana mwezi huzunguka kwa njia ya yai: mara uko kilomita 357,000 kutoka duniani, mara 406,000. Ukaribu huo ukikutana na mwandamo, maji hupanda mpaka yakalamba mizizi ya minazi.

Yaelekea msikiti wa Makutani nao ulijengwa kwa bamvua. Mihrabu za pwani yetu zilichongwa kwa matumbawe laini, yanayokatwa yakiwa mabichi chini ya maji, yakachongwa haraka kabla hayajakauka na kuwa magumu. Jiwe la kuta lilipatikana nchi kavu, na chokaa ilichomwa kwa tanuri la magogo. Lakini tumbawe la kuchonga liko mwambani, na mwamba hufikika vizuri maji yakitoka sana. Mtu akiutazama ukingo wa mihrabu ya zama hizo kwa karibu, ataona bado vijitundu vya tumbawe, vidogo kama vya sindano, chini ya nakshi iliyokatwa kwa patasi. Kibla ndicho kilichoamua jiwe likae wapi, na mwezi ukaamua siku ya kwenda kulichukua.

Mwezi uliamua pia tarehe. Kizimkazi, upande wa pili wa kisiwa, mihrabu ina maandishi ya Kikufi yanayoutaja mwezi wa Dhulkaada wa mwaka 500 Hijria, ambao ni mwaka 1107. Mzee wa Tumbatu angesema Mfunguo Pili, kwa kuwa sisi huihesabu miezi tangu kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Hesabu hii hutegemea jicho la mtu aliyesimama pwani baada ya magharibi akiutafuta mwezi mchanga. Kando yake ilikuwepo hesabu nyingine, ya Nairuzi, yenye siku 365, iliyogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambayo manahodha na wakulima waliitumia kwa pepo na mvua kwa sababu mwaka wa mwezi huzipita pepo kwa siku 11 kila mwaka. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni sikukuu ya hesabu hiyo ya jua. Watu hawa walijua fika kwamba mwezi na jua havilingani, wakaweka kila kimoja kwenye kazi yake. Sioni pengo hapo la kujazwa na nguzo.

Kuna badiliko jingine la mwezi ambalo hakuna jicho lingeliona. Mwaka 1695 mwanafalaki Edmond Halley, akilinganisha kupatwa kwa mwezi na jua kulikorekodiwa na al-Battani katika karne ya 9 na ya 10 na kule kwa zama zake, alishuku kwamba mwendo wa mwezi haukuwa ule ule. Wataalamu waliomfuata walizitegemea pia rekodi za Ibn Yunus wa Cairo, aliyefariki mwaka 1009, mtu wa zama zile ambazo miji ya mlango huu ilikuwa inaanza kusimama. Mwezi unajitenga nasi. Tangu vioo vya kurudishia miale vilipoachwa juu yake Julai 1969 na wanaanga wa Apollo 11, umbali huo hupimwa kwa leza, na jibu ni sentimita 3.8 kwa mwaka. Msikiti wa Makutani ukipewa umri wa miaka 800, mwezi wa leo uko mbali kwa mita 30 hivi kuliko ule uliowaangazia mafundi wake. Kati ya kilomita 384,000, mita 30 ni sawa na hakuna, na hakuna mstari wa mawe popote duniani unaoweza kuuonyesha mwendo huo.

Kinachousukuma mwezi ni maji yenyewe. Bahari inapojaa na kupwa husuguana na sakafu yake, na msuguano huo huipunguzia dunia kasi ya kujizungusha, siku ikarefuka kwa kama sehemu 2 za elfu ya sekunde kila karne, na sehemu ya nguvu inayopotea huku huhamia kwenye njia ya mwezi na kuipanua. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye maji mafupi ya ukingo wa mabara na visiwa. Mlango wa Tumbatu ni mojawapo ya mahali hapo. Maji yanayokatiza kati ya Makutani na Mkokotoni mara nne kwa siku, yakivuruga mchanga na kumchelewesha abiria, yana mchango wake, mdogo usiopimika, katika kuufukuza mwezi.

Mzunguko ule wa miaka 18.6, kinyume chake, unapimika kwenye pwani hii hii. Katika bahari yenye kujaa mara mbili kwa siku kama yetu, wimbi kuu la mwezi hupungua kwa takriban asilimia 4 chini ya wastani mwezi unapotanga mbali kaskazini na kusini, na huongezeka kwa kiasi hicho hicho juu ya wastani unapobana karibu na ikweta. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walionyesha kwamba hata mikoko ya bara lao hustawi na kukonda kwa kufuata mzunguko huu. Mkokotoni nako kuna mikoko, kuna nyumba zilizosogea karibu na maji, na kuna magofu ya Makutani yenye msikiti ukingoni mwa bahari. Mwaka 2025 ulikuwa wa wimbi dogo. Kuanzia sasa litaongezeka kidogo kidogo mpaka kilele chake karibu na mwaka 2034, na safari hii litapanda juu ya bahari ambayo kina chake chenyewe kinaongezeka. Anayetaka kujenga ukuta Mkokotoni, au kuyakinga yale yaliyobaki ya Makutani, asiipime kazi yake kwa bamvua la mwaka huu.